Maluach au Queen? Kumpima senta kijana kabla hujampa nafasi

"Kaka, huyu Maluach si Thabeet mwingine tu?"

Kijana aliyeniuliza hivyo alikuwa anafunga kamba za viatu kando ya uwanja, wala hakuinua kichwa. Hakuwa na nia mbaya. Mwaka 2009 alikuwa mtoto mchanga, lakini kila anayecheza kikapu Dar es Salaam amelikuta jina la Hasheem Thabeet kama mtu anavyokuta vyombo vya nyumbani kwao. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, chaguo la pili la drafti, yaani usiku ambao timu huchagua vijana wapya kwa zamu, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Na ukifika hapo kwenye Curry, lazima kijiweni pawe na mtu wa kucheka.

Tarehe zenyewe zinachokoza. Thabeet alichaguliwa na Memphis Grizzlies Juni 25, 2009. Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyekulia Kawempe kule Kampala, alichaguliwa Juni 25, 2025. Miaka 16 kamili. Na kama mwaka ule Thabeet alivyokuwa na mwenzake mfupi na mpana wa kulinganishwa naye, DeJuan Blair, safari hii naye yuko Derik Queen wa Baltimore. Maluach alikuwa chaguo la 10, Queen la 13. Warefu wawili, kazi moja ya usenta karibu na ringi, maumbile mbalimbali kabisa.

Basi namjibu yule kijana kwa kuwaweka wawili hawa ubavu kwa ubavu. Nawapima kwa yale yaliyokuwa mezani usiku ule wa kuchagua, kwa kuwa meneja wa timu naye huwa hana kingine. Yaliyofuata baadaye hayakumsaidia mtu kuamua.

Tuanze na namba za chuo

| | Maluach (Duke) | Queen (Maryland) |
|---|---|---|
| Umri usiku wa drafti | 18 | 20 |
| Urefu bila viatu | m 2.15 | m 2.06 |
| Mikono ikinyooshwa | m 2.30 | m 2.15 |
| Uzito | kilo 115 | kilo 112 |
| Dakika kwa mchezo | 21 | 30 |
| Pointi | 8.6 | 16.5 |
| Ribaundi (mipira iliyokosa ringi akaidaka) | 6.6 | 9.0 |
| Asisti (pasi zilizozaa pointi) | 0.5 | 1.9 |
| Bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) | 1.3 | 1.1 |

Ukitazama harakaharaka, Queen kamwacha mwenzake mbali. Lakini angalia mstari wa dakika. Mpe Maluach dakika 30 kwa kasi ileile: anafika pointi kama 12, ribaundi 9 na bloku karibu 2. Queen anabaki na pointi zake 16, ribaundi 9, bloku 1. Pengo la ribaundi limeyeyuka lote, na la bloku limegeuka kuwa la Maluach. Senta kijana hupimwa kwa dakika, hapimwi kwa mchezo, kwa sababu vijana warefu hukatwa dakika na mambo mengi: pumzi, faulo, au kocha mwenye wachezaji wazuri wengi kupita kiasi. Duke ilikuwa na hilo la mwisho.

Kuna na namba ambayo sikuiweka kwenye jedwali makusudi. Maluach alifunga asilimia 71 ya mitupo yake yote. Ni namba ya kutia wazimu, na kwa mtu anayechagua haisemi mengi. Nyingi zilikuwa dunki: anaweka skrini, yaani anamzibia njia mlinzi anayemkaba mwenzake, anakimbilia ringi, mpira unamkuta juu. Waliokuwa wanaurusha ni Cooper Flagg, chaguo la kwanza la drafti hiyohiyo, na Kon Knueppel, chaguo la nne. Ukiletewa ubwabwa umeshaiva na umepakuliwa, sifa ya upishi si yako.

Queen naye aliwahi kula kwenye mikono ya Flagg, maana msimu wa 2023/24 walikuwa pamoja Montverde, Florida, kwenye timu ya shule iliyomaliza bila kupoteza hata mchezo mmoja. Lakini Maryland alijipikia mwenyewe. Alipokea mpira kwenye mstari wa mitupo huru, akageuka, akadunda mara mbili tatu, akamsukuma mtu kwa bega au akampa mwenzake pasi aliyekatiza nyuma. Machi 23, 2025, mjini Seattle, Maryland walikuwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Colorado State, sekunde zikiwa nne hazijatimia. Mpira alipewa yeye, huko juu kabisa nje ya mstari wa pointi tatu. Akakata kushoto, akautupa huku mwili unaanguka pembeni, ukagonga ubao ukaingia: 72 kwa 71. Wapo waliodai alitembea na mpira. Hata kama ni kweli, hebu nitajie masenta wangapi wa umri wake ambao kocha anaweza kuwapa mpira wa mwisho wakiwa mita nane kutoka kwenye ringi.

Swali ninalolitanguliza

Watu wengi wakimtazama kijana mrefu huuliza anaweza kufanya nini. Mimi huuliza nini kitamtoa uwanjani. NBA ni ligi ya makocha wanaokesha kwenye video wakitafuta udhaifu mmoja wa mtu mmoja, na wakishaupata wataugonga mpira baada ya mpira hadi umwite mchezaji wako benchi. Senta ndiye anayeonewa zaidi, kwa kuwa ndiye wa mwisho nyuma na ndiye mzito kuliko wote. Mwenye vipaji vitano na udhaifu mmoja usiofichika ataangalia dakika za mwisho akiwa amejifunga taulo.

Kwa kipimo hicho turudi kwa ndugu yetu Thabeet, maana kisa chake watu hukisimulia vibaya. Husemwa Memphis walidanganywa na urefu. Hapana, hawakuchagua urefu mtupu. Msimu wake wa mwisho pale Connecticut alikuwa na pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Alikuwa mzuiaji bora wa ligi yao ya Big East miaka miwili mfululizo, na mwaka 2009 akagawana na Blair tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo. Timu yake ilifika nne bora za taifa. Kwa karatasi, Thabeet wa 2009 alikuwa juu ya Maluach wa 2025 bila ubishi. Anayesema Maluach ni Thabeet mwingine anafikiri anamtukana, kumbe kwa takwimu za chuo anamsifu.

Tatizo lilikuwa mahali ambapo takwimu zile zilipatikana. Mpira wa chuo Marekani unamruhusu mzuiaji kusimama chini ya ringi yake kadiri apendavyo. Mtu wa mita 2.21 akisimama pale mikono juu, mji mzima unafungwa. NBA tangu msimu wa 2001/02 ina kanuni ya sekunde tatu za ulinzi: huwezi kukaa pale chini zaidi ya hapo kama hakuna mtu unayemkaba karibu nawe. Ongeza na mstari wa pointi tatu ambao NBA uko mita 7.24, wakati wa chuo mwaka ule ulikuwa mita 6.32. Uwanja unatanuka, wapinzani wanasimama mbali, na mlinzi wa lango analazimika kutoka nje ya lango. Hapo hapimwi tena kwa mikono. Anapimwa kwa miguu.

Halafu dalili ilikuwepo, kila mtu aliiona kwenye televisheni. Februari 16, 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Connecticut wakiwa namba moja nchini walicheza na Pittsburgh mjini Hartford. Blair wa Pittsburgh, mwenye mita 2.01, aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Kuna wakati waligombea mpira mikono imefungana, na Blair akamrusha juu ya bega lake kama mchukuzi anavyotua gunia. Picha ile ilizunguka sana, watu wakaicheka. Ilikuwa haichekeshi. Ilikuwa inaonyesha kwamba huyu mrefu akisukumwa kiunoni hana pa kujishikia.

Memphis walikuwa na Marc Gasol tayari, wakamleta na Zach Randolph kiangazi kilekile. Thabeet alipata dakika 13 kwa mchezo, faulo zikawa zinamjia haraka, mpira wa pasi ya chini ukawa unamponyoka. Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards kwenye ligi ya maendeleo, na wakati huo hakuna aliyewahi kupelekwa huko akiwa amechaguliwa juu hivyo. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston. Michezo yake yote ya NBA ni 224, kwa wastani wa pointi 2.2. Kwa mtu aliyeugusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa kijana wa sekondari Dar es Salaam, kufika pale ni safari ya ajabu, na mlango alioufungua uko wazi hadi leo. Ila chaguo la pili lilikuwa deni kubwa kuliko uwezo wa miguu yake.

Miguu ya Maluach

Hapa ndipo namtofautisha na Thabeet. Maluach akitolewa nje na skrini, akajikuta amesimama mbele ya gadi mdogo mwenye kasi, hageuki mti. Anainama, anateleza upande hatua mbili tatu, na hata akipitwa anarudi kwa mikono ile ya mita 2.30. Akisimama tu wima na kunyoosha mkono, bila kuruka, kidole kinakaribia ringi. Kwa hiyo hahitaji kuruka mapema, na asiyeruka mapema hapati faulo za kijinga.

Kuna na suala la wapi amejifunzia. Alianza kikapu akiwa na miaka 13 hivi, uani kwa uani kule Kampala, kisha akaenda kwenye akademia ya NBA kule Saly, Senegal. Akiwa na miaka 16 alikuwa kwenye Kombe la Dunia la 2023 na timu ya taifa ya Sudan Kusini. Mwaka 2024 alicheza na City Oilers ya Uganda kwenye BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, na kiangazi hichohicho akawa kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Amekwisha kugongana na wanaume wenye ndevu. Thabeet alipofika NBA akiwa na miaka 22, mpira wake karibu wote wa ushindani ulikuwa wa wanafunzi wenzake.

Sasa doa lake, maana analo na ni kubwa. Aprili 5, 2025, nusu fainali ya taifa mjini San Antonio, Duke dhidi ya Chuo Kikuu cha Houston. Houston hawakuwa warefu. Walikuwa wagumu, wamejaa mabega. Duke waliongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili, wakapoteza 70 kwa 67. Maluach alicheza dakika 21 na hakuchukua ribaundi hata moja. Sifuri. Mtu wa mita 2.15! Kila mpira ukipanda, kuna mtu wa Houston alikuwa ameshamkalia mapajani na kumsogeza nje ya njia. Nikaikumbuka Hartford mara moja.

Je, ni ugonjwa uleule? Nadhani ni dalili ileile, ugonjwa tofauti. Maluach alikuwa na miaka 18 na kilo 115 tayari, na nyonga za kijana wa miaka 18 bado zinakua. Thabeet siku ya Hartford alikuwa ametimiza 22. Miaka minne katika mwili wa mtu mrefu ni mingi mno, kwa sababu warefu huchelewa kuukusanya mwili wao. Ningemwogopa Maluach yuleyule kama angekuwa na miaka 22.

Doa la pili ni macho na mikono. Nusu asisti kwa mchezo maana yake ni pasi moja yenye faida katika michezo miwili. Akipokea mpira katikati ya uwanja, watu wawili wakamrukia, hajui aliye wazi yuko wapi. Anayeanza kikapu akiwa na miaka 13 hukosa yale maelfu ya michezo ya utotoni ambamo mtu hujifunza kumwona mwenzake bila kumtafuta. Queen analo hilo tangu akiwa mtoto mnene wa Baltimore. Maluach sijui kama atalipata lote.

Na Queen je, nini kitamtoa?

Ulinzi. Sina haja ya kuzungusha maneno. Kwenye vipimo vya Chicago, ambako vijana hupimwa kabla ya drafti, mruko wake wa juu kabisa ulikuwa inchi 28, yaani sentimita 71, miongoni mwa midogo kabisa ya mwaka ule. Ukiwa na mita 2.06 na huruki, gadi akishapita skrini anaiona ringi tupu. Wapinzani watamtafuta Queen kila mara: nani anakabwa na Queen? Wewe, njoo uweke skrini. Hivyo ndivyo kocha wa upande wa pili atakavyoanza kila dakika ya mwisho.

Blair aliishije basi, mfupi kuliko Queen na asiye na kano za mbele kwenye magoti yote mawili? Timu ziliogopa magoti hayo akaporomoka hadi chaguo la 37, San Antonio wakamwokota, akacheza michezo yote 82 ya msimu wake wa kwanza. Lakini kumbuka nani alikuwa pembeni yake: Tim Duncan. Blair aliweza kuwa mfupi kwa sababu Duncan alikuwa mrefu kwa niaba yake. Mtu wa aina ya Queen anachaguliwa pamoja na mlinzi wake, na kama mlinzi huyo huna, jumlisha gharama ya kumtafuta kwenye bei.

Upande wa kushambulia sina shaka naye. Katika robo ya mwisho ya mchezo mgumu, timu zinapokuwa zimeshajuana, mchezaji mrefu anayeweza kupokea mpira katikati na kuamua ni adimu. Wote tunajua kwamba Nikola Jokić, senta wa Denver, alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, na tangu hapo kila mnene mwenye pasi nzuri huitwa Jokić mdogo. Queen hastahili mzigo huo. Mtupo wake wa mbali haupo bado: asilimia 20 tu ya pointi tatu.

Mitupo huru, na darasa la 2018

Tukifika kwenye mtupo, wote wawili wana namba inayonifariji: kila mmoja alifunga kidogo zaidi ya asilimia 76 ya mitupo huru. Hii ndiyo namba ninayoiamini kuliko asilimia ya pointi tatu. Maluach alitupa mitupo 16 tu ya mbali msimu mzima, akaingiza minne. Mitupo 16 haimwambii mtu kitu. Mtupo huru haubadiliki: umbali uleule, hakuna anayekukaba, ni mkono wako tu. Kijana mrefu mwenye mkono mzuri pale, siku moja anaweza kufundishwa kusogea nyuma.

Mfano ninaoupenda ni drafti ya 2018, ambapo machaguo saba ya kwanza yalikuwa na warefu watano. Deandre Ayton alikwenda wa kwanza, Phoenix. Marvin Bagley wa pili, Sacramento, mbele ya Luka Dončić. Jaren Jackson Jr. wa nne, Memphis. Mo Bamba wa sita, Wendell Carter Jr. wa saba. Ungepanga kwa pointi za chuo, Bagley (21.0) na Ayton (20.1) ndio wafalme, na Jackson wa mwisho kwa pointi 10.9. Ungepanga kwa mikono, Bamba hana mpinzani, mikono yake ikinyooshwa inapita mita 2.38.

Lakini Jackson alikuwa na bloku 3 kwa mchezo katika dakika 22 tu, mitupo huru karibu asilimia 80, pointi tatu karibu asilimia 40, na alikuwa mdogo kuliko wenzake, hajatimiza miaka 19. Bagley alikuwa na asilimia 63 ya mitupo huru na bloku hazifiki moja, yaani alikuwa mrefu asiyezuia na mwenye mkono wa kutiliwa shaka. Mwaka 2023 Jackson akawa mzuiaji bora wa NBA nzima. Na waliomchagua ni Memphis, walewale wa 2009. Sijui kama kuna aliyekumbuka, lakini safari hii waliangalia miguu.

Ayton sitamtaja sana. Alicheza fainali 2021, si mchezaji mbaya hata kidogo, ila ukichagua wa kwanza humtafuti asiye mbaya. Wa kuangalia zaidi ni James Wiseman, chaguo la pili la 2020, aliyechaguliwa na Golden State baada ya kucheza michezo mitatu tu ya chuo. Michezo mitatu! Hata muuza maembe hukuachia uonje zaidi ya hapo.

Magoti na nyayo nitayapita haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa mimi na wewe hatuoni picha za hospitali. Greg Oden alikuwa wa kwanza 2007, Kevin Durant wa pili, na magoti ya Oden yalimruhusu michezo 105 tu maishani. Ukisikia senta kijana amekosa msimu kwa mguu, sikiliza vizuri ni mfupa gani.

Mtu wa Lubumbashi

Kabla sijachagua, kuna jina ambalo Waswahili hatulitaji inavyopaswa: Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, chaguo la 7 la mwaka 2011. Mfupi kuliko Thabeet kwa sentimita zaidi ya 15. Pointi hana, mtupo hana, mikono yake kwenye kupokea pasi haikuwahi kuwa ya kusifiwa. Kazi yake kwa maneno ni ileile ya Thabeet: linda ringi, chukua ribaundi. Mwaka 2025 alikuwa bado yupo NBA.

Alifanikiwaje? Miguu na kiuno. Biyombo anaweza kutoka nje kumkaba gadi akarudi, na akimkalia mtu kwa ajili ya ribaundi huyo mtu hasogei. Mei 2016 akiwa na Toronto alichukua ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa mtoano dhidi ya Cleveland, na kiangazi hicho Orlando wakampa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Hakuna aliyekuwa ananunua pointi. Hakuwa na kitu kimoja cha kumtoa uwanjani kwa aibu, basi akabaki.

Kwa hiyo, mdogo wangu, swali lako la Thabeet naligeuza. Maluach akishindwa kukua kabisa, akibaki hivihivi alivyo na pasi zake za kubahatisha, yeye ni Biyombo aliyeongezewa sentimita kumi na mtupo huru mzuri. Huo ndio ubaya wake, na kwa chaguo la 10 ni ubaya unaovumilika.

Unachukua yupi?

Inategemea una nani tayari. Kama una gadi anayetengeneza mchezo na watupaji pembeni, Queen atakuwa anagombea mpira na watu wanaouhitaji zaidi, huku udhaifu wake wa nyuma ukibaki palepale. Hapo chukua Maluach. Phoenix, ambao ndio waliompata baada ya Houston kumchagua kwa niaba yao katika biashara ya Kevin Durant, wana Devin Booker. Usiku uleule walikubaliana pia kumchukua Mark Williams, senta mwingine aliyetoka Duke. Maana yake kijana hakulazimika kubeba nyumba siku ya kwanza, tofauti na anavyobebeshwa mtu wa chaguo la pili.

Kama timu yako haina anayejua kuanzisha shambulizi, na nyuma tayari kuna mrefu anayeruka, Queen ana thamani kubwa. New Orleans waliomchukua walikuwa na Yves Missi, Mkameruni mwenye bloku, kwa hiyo Duncan wake wa bei nafuu yupo. Shida ni kwamba Missi naye hatupi kutoka mbali, na Zion Williamson naye anaishi karibu na ringi. Watu watatu wanaotaka kuingia mlango mmoja, na hakuna anayekaa nje kuwavuta walinzi. Ningekuwa kocha wao, Queen na Missi ningewatenganisha dakika nyingi, na nikishawatenganisha naanza kufungwa.

Mimi namchukua Maluach, na ningemchukua hata kama timu yangu ingekuwa na shimo pande zote mbili, kwa sababu ya ile miezi 20 aliyo nayo chini ya mwenzake. Queen ningemchukua nafasi ya 13 kwa moyo mweupe, kama ningekuwa nimeketi pale 13 kwa haki yangu. New Orleans hawakuwa wamekaa pale. Walikuwa wa 23, wakawapa Atlanta chaguo hilo pamoja na chaguo la raundi ya kwanza la 2026 bila kinga yoyote, yaani popote ambapo lingeangukia, ili wapande ngazi kumi. Kwa mrefu asiyeruka, bei hiyo mimi silipi.